Macho Yakififia Katikati ya Dozi ya Kifua Kikuu: Tufanye Nini?



Mgonjwa wa kifua kikuu ameanza dawa. Kikohozi kimepungua, homa za jioni zimekwisha, hamu ya chakula imerudi. Halafu, mwezi wa pili au wa tatu, anasema haoni vizuri. Maandishi yana ukungu, na sura ya mtu anayezungumza naye haimjii sawasawa. Katika familia zetu za Masasi na Newala majibu hayachelewi. Jirani atasema huyu amechezewa, apelekwe kwa mganga. Ndugu atasema dawa za hospitali ni kali mno, aziache. Mcha Mungu naye atamwambia avumilie, kila mtu ana msalaba wake.

Majibu yote matatu yana hatari. La kwanza linapoteza muda. La pili linaurudisha ugonjwa kifuani. La tatu linaweza kumfanya mtu awe kipofu wakati macho yake yangeweza kupona. Katika makala hii tunaeleza kwa nini dawa inayookoa mapafu inaweza, kwa watu wachache, kuumiza macho. Kwa nini madhara hayo mara nyingi hurudi nyuma yakiwahiwa. Na kwa nini mgonjwa asikae kimya wala asiache dozi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Dawa nne ndani ya kidonge kimoja

Bakteria wa kifua kikuu hawauawi kwa dawa moja. Ukiwapiga kwa moja, wachache wanaobaki hujifunza kuishi nayo, ndipo usugu unapozaliwa. Kwa hiyo mgonjwa mpya hupewa dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata huendelea na mbili tu, rifampisini na isoniazidi. Jumla ni miezi sita, na katika vituo vya serikali na vya mashirika ya dini vinavyoshirikiana na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, dawa hizi hutolewa bure. Mpango huo ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanyika Tanzania wakati wa daktari Karel Styblo ilikuwa mojawapo ya misingi ambayo Shirika la Afya Duniani liliitumia baadaye kueneza utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa chini ya uangalizi.

Zamani mgonjwa alimeza rundo la vidonge vya rangi na ukubwa tofauti. Siku hizi dawa zote nne zimeunganishwa. Kidonge kimoja cha mtu mzima kina miligramu 150 za rifampisini, 75 za isoniazidi, 400 za pirazinamidi na 275 za ethambutoli. Idadi ya vidonge hutegemea uzito. Mtu wa kilo 55 hupewa vinne kwa siku, kwa hiyo anapata miligramu 1,100 za ethambutoli, sawa na miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili wake.

Tunaomba msomaji ashike jambo hili, maana ndilo msingi wa yote yanayofuata. Dawa yenye tabia ya kugusa neva ya jicho hapa ni hasa ethambutoli. Lakini nyumbani hakuna anayeweza kuichomoa. Anayekitupa kidonge ametupa dawa zote nne: moja inayomsumbua, na tatu zinazomponya. Aliye kliniki anaweza kufanya kile ambacho mgonjwa hawezi, yaani kuiondoa hiyo moja na kumwachia nyingine.

Ethambutoli inafanya nini jichoni

Ethambutoli iligunduliwa mwaka 1961 katika maabara za kampuni ya Lederle nchini Marekani. Haikuchukua miaka mingi kabla madaktari hawajaona kwamba baadhi ya wagonjwa wanapungukiwa uoni, na kwamba tatizo linafuata ukubwa wa dozi. Waliopewa zaidi ya miligramu 35 kwa kilo kwa siku, karibu 18 kati ya 100 walipata madhara. Kwa miligramu 25, ilikuwa kama watano au sita kati ya 100. Kwa miligramu 15, hawakufika hata mmoja kati ya 100. Ndiyo sababu dozi za leo zimewekwa chini, na ndiyo sababu mgonjwa hupandishwa kwenye mizani kabla ya kuhesabiwa vidonge.

Ili kuelewa kinachotokea, tufikirie umeme wa jua ambao nyumba nyingi za vijijini sasa unaziangazia. Kuna paneli juu ya bati, kuna taa ndani, na katikati kuna waya. Paneli ikiwa safi na taa ikiwa nzima, bado waya ukichakaa taa itafifia. Jicho nalo hupokea mwanga, lakini ni ubongo unaoona. Kati ya jicho na ubongo kuna neva ya jicho, yenye nyuzi zaidi ya milioni moja. Zile zinazobeba uoni wa katikati, yaani wa kusoma, wa kutambua sura na wa kubagua rangi, ni nyembamba na zinahitaji nguvu nyingi kila wakati. Ethambutoli hushikamana na madini ya shaba na zinki ambayo seli huyahitaji kutengeneza nguvu hiyo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nyuzi hizo hupungukiwa nguvu, zikaanza kulegea katika kazi yake. Mwanzoni zimechoka tu, hazijafa. Dawa ikiondolewa wakati huo, zinaweza kurudia hali yake. Ikiendelea, zinakufa, na uzi wa neva ya jicho ukishakufa haumei tena.

Tusichanganye hili na mambo mengine ya dawa hizi. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Hilo humtisha mgonjwa asiyeambiwa mapema, lakini halina madhara kwa macho. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi na moto wa nyayo, na kwa nadra sana kugusa neva ya jicho. Ndiyo maana wagonjwa wengi huongezewa vitamini B6. Streptomisini, iliyotumika sana zamani, iliharibu masikio, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo kwa kawaida haukurudi. Wala tusiseme kwamba antibayotiki ni adui wa macho. Azithromisini, ambayo nayo ni antibayotiki, imeokoa macho ya watu wengi dhidi ya vikope, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuipokea kwa ajili ya kugawiwa kwa jamii nzima.

Dalili, na namna ya kuzitofautisha

Madhara ya ethambutoli mara nyingi huonekana baada ya miezi miwili au zaidi ya kuitumia, ingawa kwa mtu mmoja mmoja yanaweza kuwahi. Yana sura yake.

Kwanza, hayaumi. Jicho haliwashi, haliwi jekundu, halitoi matongo.

Pili, kwa kawaida hugusa macho yote mawili, hata kama moja limetangulia kidogo.

Tatu, ukungu hukaa katikati. Mtu anaona ukingo wa njia lakini hamtambui anayemjia mbele yake. Anaona ukurasa lakini haoni neno analolilenga.

Nne, rangi hupauka, hasa nyekundu na kijani. Hii inaweza kutangulia dalili nyingine zote. Mgonjwa anaweza kuona mabibo mekundu kama ya kahawia, au akashindwa kuyabagua na majani ya mkorosho. Kanisani, anaweza asione tofauti kati ya kasula nyekundu ya Pentekoste na ya kijani ya Kipindi cha Kawaida.

Huku kwetu kuna jambo moja linaloficha dalili hizi kwa urahisi. Miezi ya kupulizia mikorosho, vumbi la salfa linalotumika kuzuia ubwiriunga huingia machoni mwa wakulima wengi. Kwa hiyo mtu akisema macho yanamsumbua, jibu huwa tayari: ni salfa. Lakini salfa huchoma. Macho hububujika machozi, huwa mekundu, na kwa kawaida hutulia baada ya kuoshwa kwa maji safi na kupumzishwa. Vikope navyo huwasha na kutoa uchafu, na kope zikigeukia ndani huchoma kama mchanga. Mtoto wa jicho huja polepole kwa miaka, na mara nyingi weupe wake unaonekana kwenye mboni. Macho ya mtu aliyepita miaka 40 hushindwa kusoma maandishi ya karibu, lakini miwani humsaidia. Neva iliyoguswa na dawa haisaidiwi na miwani.

Hapo pana mtego mwingine. Mhudumu akimulika jicho la mgonjwa huyu anaweza asione kasoro yoyote, kwa sababu tatizo liko nyuma, kwenye neva. Mgonjwa akiambiwa "macho yako mazima" anaweza kurudi nyumbani na kuendelea na dawa ileile. Kwa hiyo aombe apimwe uwezo wa kuona kwa chati ya herufi, jicho moja moja, na apimwe rangi pia. Kipimo cha rangi kinachojulikana zaidi ni kile cha karatasi zenye madoa yanayoficha tarakimu, kilichotungwa na daktari Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917.

Nani awe mwangalifu zaidi

Mgonjwa wa kawaida wa miezi sita hutumia ethambutoli kwa miezi miwili tu, na kwa dozi ya leo wengi sana humaliza bila tatizo la macho. Hilo lisemwe wazi, tusije tukawatisha watu wakaikimbia tiba. Miaka ya nyuma nchi nyingi zilitumia tiba ya miezi minane, ambapo ethambutoli iliendelea hadi mwisho. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza utaratibu huo uachwe, hasa kwa sababu ule wa miezi sita unaponya vizuri zaidi.

Lakini wapo wanaohitaji jicho la ziada:

- Wenye ugonjwa wa figo. Ethambutoli hutolewa mwilini hasa kwa njia ya figo. Zikiwa dhaifu, dawa hurundikana. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu la muda mrefu, au anayetumia dawa za Virusi vya UKIMWI zinazoweza kugusa figo, amweleze mhudumu kabla ya kuanza.
- Wanaotumia ethambutoli kwa zaidi ya miezi miwili, kwa mfano kwa sababu ya usugu wa dawa.
- Wazee. Madhara huwapata kwa urahisi zaidi, na wakiyapata hupona kwa shida zaidi.
- Wanaokunywa pombe na kuvuta tumbaku kwa wingi, na wenye lishe duni. Uraka na gongo vikichanganyika na njaa, neva ya jicho huanza safari ikiwa tayari imechoka.
- Watoto wadogo. Kwa muda mrefu madaktari waliogopa kuwapa ethambutoli kwa sababu mtoto hawezi kueleza kwamba rangi zimebadilika. Baadaye ilionekana kwamba kwa dozi sahihi ni salama kwao. Hata hivyo mzazi amtazame: je, anapapasa vitu, anajikwaa, anasogeza kila kitu karibu na uso?
- Wagonjwa wa kifua kikuu sugu wanaotumia linezolidi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba fupi ya miezi sita yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ni hatua kubwa mbele, lakini linezolidi nayo inaweza kuchosha neva ya jicho na ya miguu baada ya miezi kadhaa, na dalili zake zinafanana na tulizozieleza.

Suala la lishe tusilichukulie kijuujuu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Dar es Salaam waliona vijana wengi wakipoteza uoni wa katikati na rangi, pamoja na ganzi ya miguu, bila kuwa wametumia dawa hizi. Sababu moja haikupatikana, lakini uchunguzi ulielekeza kwenye upungufu wa lishe, hasa wa vitamini za kundi B. Ni ukumbusho kwamba neva ya jicho inalishwa na sahani ya chakula pia: kunde, mbaazi, karanga, mayai, dagaa, mboga za majani.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kuanza dawa, mgonjwa aulize apimwe macho na uzito, na majibu yaandikwe kwenye kadi yake. Bila kipimo cha mwanzo ni vigumu kusema baadaye kwamba uoni umeshuka.

Akiwa nyumbani, achague siku moja ya kila juma, tuseme Jumapili kabla ya kwenda Misa. Asimame mahali palepale, afunike jicho moja kwa kiganja, asome kalenda ya ukutani. Kisha abadilishe jicho. Halafu aangalie kitu chekundu na kitu cha kijani, kwa kila jicho peke yake. Kama juma lililopita alisoma tarehe na leo hasomi, au kama nyekundu ya jicho moja imepauka kuliko ya jicho lingine, amepata taarifa ya kupeleka zahanati.

Dalili ikionekana, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, akiwa na kadi na vidonge vyake. Kama yuko kijiji cha mbali juu ya uwanda wa Makonde na usafiri haupatikani, ampigie simu mhudumu wa kliniki ya kifua kikuu, aeleze dalili, na aulize kuhusu dozi inayofuata. Aseme waziwazi: "Ninatumia dawa za kifua kikuu, na macho yangu yameanza kufifia." Maneno hayo mawili yakisemwa pamoja hubadilisha uamuzi wa mhudumu.

Zahanati inaweza kumpeleka hospitali ya wilaya Newala, Mkomaindo pale Masasi, au Hospitali ya Mtakatifu Benedikto Ndanda, ambako Wabenedikti walifika mwaka 1906. Ethambutoli ikithibitika au ikishukiwa kwa nguvu, daktari huiondoa na kupanga upya dawa zilizobaki ili kifua kiendelee kutibiwa. Na mgonjwa aliyewahi kupata madhara haya alitaje jambo hilo maisha yake yote kila anapotibiwa, ili asipewe tena dawa hiyo.

Aliyesahau dozi asimeze mara mbili kufidia. Wala asigawane vidonge na mwenzake.

Je, macho hurudi?

Mara nyingi hurudi, lakini si mara zote, na hatutaki kumdanganya mtu. Dawa ikiondolewa mapema, wagonjwa wengi huanza kuona nafuu baada ya majuma kadhaa, na uoni huendelea kurejea kwa miezi. Wengine hurudi walivyokuwa kabisa. Wengine hubaki na upungufu wa rangi au wa kusoma maandishi madogo. Wachache, hasa wazee na waliochelewa sana, hawapati tena uoni waliopoteza. Inawezekana hata uoni ukashuka kidogo zaidi katika majuma ya kwanza baada ya dawa kuondolewa, kabla ya kupanda. Mgonjwa aambiwe hilo, asije akakata tamaa na kukimbilia matone ya sokoni au dawa za kuosha macho ambazo hazifiki kwenye neva.

Wajibu wetu katika jumuiya

Mtu anayemeza dawa kwa miezi sita hayuko peke yake. Kuna msimamizi wake nyumbani, kuna jumuiya ndogo ndogo, kuna katekista anayempelekea Komunyo, kuna mseminari aliyetumwa kigangoni wakati wa likizo. Tumezoea kumwuliza mgonjwa, "Kifua kinaendeleaje?" Tuongeze swali la pili: "Na macho?" Asiyejua kwamba macho na dawa vinahusiana hatalisema mwenyewe, ataona ni uzee, ni salfa, au ni mkosi.

Tusimtwishe mgonjwa mzigo ambao Kanisa halimtwishi. Siku ya Kifua Kikuu Duniani, tarehe 24 Machi, mara nyingi huangukia ndani ya Kwaresima. Mgonjwa hafungwi na sheria ya mfungo. Yeye anahitaji kula vizuri, na anayemwacha ale bila aibu anamfanyia tendo la huruma. Vivyo hivyo, kuvumilia ni fadhila pale ambapo maumivu hayana dawa. Kumhimiza mtu avumilie upofu unaoweza kuzuilika ni kumwonea.

Maandiko yanalijua jambo hili. Kitabu cha Tobiti kinasimulia kwamba Tobiti aliwaendea waganga na kadiri walivyompaka dawa zao ndivyo alivyozidi kutoona. Mungu hakumwambia azichukie dawa. Alimtuma malaika Rafaeli, na macho yakapona kwa dawa nyingine, iliyotoka kwenye samaki. Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu na dawa vimetoka kwa Mungu, na mwenye busara havidharau. Dawa inayoponya inaweza pia kuumiza. Sala haituondolei kazi ya kutazama, kuuliza na kusema mapema.

Basi, ndugu wasomaji, kama katika jumuiya yako yupo anayemeza dawa za kifua kikuu, mtembelee juma hili. Mwambie asiache dozi. Mwambie pia kwamba siku rangi zitakapopauka au maandishi yatakapofifia, asilale nalo. Mtakatifu Lusia, msimamizi wa wenye shida za macho, atuombee. Nasi tumsindikize mgonjwa wetu hadi zahanati.